Oga inazubaa: tafuta tatizo la haidroliki kabla hujaagiza pampu

Ukiwa Kigoma, pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kufanyia kazi kwenye Bobcat na mashine kama hizo, huagizwa pamoja na subira. Reli kutoka Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,200, na hapo ni kama duka la Dar lenyewe linayo. Spea ikiwa njiani mashine imelala, mwenye mashine anapiga simu kila asubuhi, na wewe fundi huna la kumjibu. Kwa hiyo hatua za hapa nimezipanga kwa bei. Tunaanza na vitu ambavyo kuvikagua ni bure, pampu tunaifikia mwisho.

Mpangilio huo sikuzaliwa nao. Kiangazi kimoja niliitwa njia ya Kidahwe, kwenye kiwanja kilichokuwa kinachimbwa mashimo ya nguzo za uzio. Oga, ile keekee kubwa ya kuchimbia mashimo, ilikuwa inazunguka kama mwiko kwenye ugali uliokaribia kuiva. Nikasikiliza pampu, nikaona kama inalia kidogo, nikatoa hukumu: "Bosi, pampu imechoka." Ikaagizwa. Ikaja baada ya wiki kadhaa, nikaifunga kwa mikono yangu, nikawasha. Oga ikazunguka vilevile. Mwenye mashine hakusema neno. Aliitazama oga, akanitazama mimi, akaenda kukaa chini ya mwembe. Nilipoegemea hosi mkono ukagusa koplingi, kile kiungio cha hosi na mashine, nikaruka: ilikuwa ya moto kama sufuria. Tatizo lilikuwa hapo tangu siku ya kwanza, kwenye kidude kinachoenea kiganjani. Lilifikaje hapo, nitaeleza tukifika kwenye koplingi.

Mashine ninayoizungumzia ni ile ndogo ya magurudumu manne inayogeuka palepale iliposimama, mikono yake miwili ikiwa kulia na kushoto kwa dereva. Wengi tunaiita Bobcat hata ikiwa ya kampuni nyingine. Ukitoa ndoo unafunga atachimenti: oga, fagio la barabara, nyundo ya kuvunjia mawe, msumeno wa kuchimbia mtaro wa bomba. Vifaa hivyo havina injini. Vinakula oili inayoletwa na hosi moja na kurudishwa na nyingine, na vingine vina hosi ya tatu, nyembamba, ambayo watu huidharau hadi siku inapowatia hasara.

Kabla ya kushika spana

Oili ya mashine hizi hutembea kwa presha ya bar 200 na zaidi. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kitu. Hosi ikiwa na tundu la kiasi cha ncha ya sindano, oili inayotoka hapo inapenya ngozi, na glavu haiizuii. Kidonda chake kinadanganya: kinafanana na mchomo wa mwiba, damu haitoki ya maana, na mwanzoni hakiumi sana. Ndani nyama inaharibika. Mtu akipigwa hivyo asisubiri uvimbe. Aende hospitali saa hiyohiyo, kwa hapa mjini ni Maweni, na amwambie daktari waziwazi kuwa ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha, maana hiyo ni kesi ya upasuaji, si ya dawa ya kupaka. Kuvuja kunatafutwa kwa kipande cha boksi gumu kinachopitishwa kandokando ya hosi. Kiganja kikae mbali.

Shusha mikono ya mashine hadi chini, kifaa kikae ardhini, zima injini. Kisha geuza ufunguo bila kuwasha injini, ubonyeze swichi ya kifaa huku na huku mara kadhaa ili presha iliyobaki kwenye hosi itoke. Baadhi ya mashine zina kitufe maalumu cha kazi hiyo. Ukilazimika kuingia chini ya mikono iliyoinuliwa, weka chuma chake cha kuizuia isishuke. Nimeona watu wanaweka gogo. Usiwe mmoja wao.

Hatua ya 1: Kasi au nguvu?

Muulize dereva kwanza. Lilianza ghafla au lilikuja polepole? Asubuhi lipo, au linakuja saa sita oili ikishapata moto? Kifaa kingine kikifungwa nacho kinazubaa? Na swali ambalo wengi hawapendi kulijibu: kabla ya tatizo, nani alifungua nini?

Halafu iulize mashine. Kwenye haidroliki, kasi inatokana na mtiririko, yaani lita ngapi zinapita kwa dakika. Nguvu inatokana na presha. Inua oga hewani, izungushe bila mzigo, injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Ikiwa pole hata hewani, una tatizo la mtiririko. Ikiwa hewani inazunguka vizuri lakini inakufa ikigusa udongo, ni presha haifiki, au kuna mahali oili inavuja ndani kwa ndani na mzigo ukija inapata njia ya mkato. Ukichanganya mambo haya mawili utatengeneza kisichoumwa.

Usiridhike na "inazunguka pole". Hesabu. Chora mstari wa chaki kwenye shafti ya oga, kaa mbali, fungua saa ya simu, hesabu mizunguko ya dakika moja. Mota, ile inayosukumwa na oili na kuizungusha oga, huwa na kibao kinachoonyesha inameza sentimita za ujazo ngapi kwa mzunguko mmoja. Tuseme ni 160, na mashine yako inatoa lita 70 kwa dakika, ambazo ni sentimita za ujazo 70,000. Gawanya kwa 160, mota inazunguka mara 437 kwa dakika. Ikiwa gia zake zinapunguza mara 6, oga inatakiwa kuzunguka kama mara 73. Ukihesabu 66 hadi 70, hakuna mgonjwa, mota yoyote hupoteza kidogo. Ukihesabu 35, nusu ya oili haifiki, na sasa una namba ya kumwonyesha mwenye mashine badala ya maneno.

Kwa kifaa cha silinda tumia ujazo wa silinda. Ndoo ya kufunguka yenye silinda mbili, kila moja ikiwa na kipenyo cha ndani cha milimita 80 na mwendo wa milimita 400, inahitaji lita 4 kufunguka. Kwa lita 70 kwa dakika hiyo ni kazi ya sekunde tatu na nusu hivi. Ikichukua saba, umeshajua.

Hatua ya 2: Soma kibao cha kifaa

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika. Mashine nyingi za namna hii hutoa lita 60 hadi 90 kwa dakika kwenye mtiririko wa kawaida, na zenye mtiririko mkubwa hupita 100. Msumeno wa mtaro au kifaa cha kukwangua lami kilichoundwa kwa lita 110 ukikifunga kwenye mashine ya lita 70 kitazubaa hadi kiyama. Na kinyume chake ni hatari zaidi: kifaa cha lita 60 kikilishwa 110 kitazunguka kwa mbwembwe siku mbili tatu, kisha sili, ile mipira ya kuzuia oili isitoke, zitaanza kuvuja. Kama kifaa ni cha kukodi, hapa ndipo pa kusimama dakika tano kabla ya kulaumu mtu.

Hatua ya 3: Mikono ya mashine na injini

Hii ndiyo hatua niliyoiruka njia ya Kidahwe. Kwenye mashine nyingi za aina hii, pampu inayolisha kifaa cha mbele ndiyo hiyohiyo inayoinua mikono na kukunja ndoo. Kwa hiyo inua mikono kutoka chini hadi juu, injini ikiwa juu, na upime kwa saa. Mashine nyingi humaliza kwa sekunde kama 4. Kitabu cha mashine yako kitakuambia yake. Mikono ikipanda kwa kasi yake ya kawaida, pampu ni nzima, achana nayo. Mimi mikono niliiona inapanda vizuri kabisa, nikaiona na nisiione. Isipokuwa mashine iwe na mtiririko mkubwa: hapo mara nyingi kuna pampu ya pili, au mfumo tofauti, na mikono haiwezi kuisemea.

Mikono nayo ikiwa pole, tazama injini kwanza. Pampu inatoa kulingana na inavyozungushwa. Yenye sentimita za ujazo 30 kwa mzunguko mmoja, ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika, inatoa lita 75; injini ikishuka hadi 1,900, inatoa 57. Kiangazi cha huku, vumbi jekundu linaziba filta ya hewa ndani ya siku chache, na dizeli ya madumu inaziba filta ya mafuta. Nimeshaitiwa "haidroliki mbovu" nikaondoka baada ya kubadili filta ya dizeli.

Hatua ya 4: Oili

Pima oili mikono ikiwa chini, mashine ikiwa tambarare. Kumbuka kwamba kifaa kikubwa kikifungwa kikiwa kikavu kinameza lita kadhaa, kwa hiyo pima tena baada ya kukizungusha.

Oili nzima ina rangi ya asali nyepesi na unaona ng'ambo. Ikifanana na mawese ya asubuhi yaliyoanza kuganda, ina maji, na hapa mjini maji yana milango miwili: masika, na ule mchezo wa kuosha mashine kwa pampu ya maji huku mfuniko wa tangi umelegea. Ikiwa na povu, kuna hewa, na hewa huingilia upande wa kuvuta, kati ya tangi na pampu. Paka grisi kwenye maungio ya bomba hilo moja baada ya jingine mashine ikiwa inanguruma. Ukipaka penye tundu, sauti inabadilika palepale. Pampu inayovuta hewa, au inayokosa oili kwa sababu chujio la tangini limeziba, inalia kama changarawe zinazotikiswa kwenye kopo. Ukiisikia zima injini. Kila dakika ya sauti hiyo inakwangua pampu nzima na kuifanya mbovu kweli.

Aina ya oili fuata kitabu cha mashine, si kauli ya muuza duka. Ziko mashine zinazotaka oili ya haidroliki namba 46, ziko zinazotumia oili ya injini. Kifaa cha kukodi nacho kinakuja na oili ya mashine ilikotoka, na takataka zake.

Filta ya kurudi ikiwa na umri, itoe na uipasue. Usiikate kwa msumeno wa chuma: unga wa msumeno utauona kwenye karatasi ya filta na utadhani pampu inakufa. Tumia patasi au kikata bomba. Chembe za rangi ya shaba zinatoka kwenye pampu au mota. Vipande vyeusi vya mpira ni sili au utando wa ndani ya hosi. Vumbi la udongo limeingia kwa koplingi chafu, hakuna mlango mwingine mkubwa kuliko huo.

Hatua ya 5: Koplingi, kwa utulivu

Nina hakika nusu ya simu ninazopigiwa zinaishia hapa.

Koplingi za siku hizi zina uso bapa. Ndani ya kila nusu kuna kizibo kinachosukumwa na springi; nusu mbili zikikutana vizibo vinasukumana na oili inapita. Zikikutana nusunusu, vizibo vinafunguka nusunusu. Kwa nje huoni kitu. Hosi imefungwa, haivuji, dereva anaapa kwamba imeingia. Ila oili inapita kwenye upenyo badala ya mlango.

Oili ikilazimishwa kupita kwenye upenyo, presha inayopotea hapo inageuka joto. Hiyo ndiyo kanuni ya kumkamata mwizi: palipo moto kuliko jirani zake ndipo penye kizuizi. Endesha kifaa dakika tano, zima, kisha pita na kipimajoto cha mbali ukianzia kwenye valvu inayofungulia kifaa oili, bomba la mkono, koplingi, hosi, hadi mota. Huna kipimajoto? Dondoshea maji. Koplingi ikikausha tone haraka kuliko bomba la nyuma yake, umempata. Usitangulize kiganja kama mimi.

Sasa lile la Kidahwe. Oga ilikuwa imetolewa ikaachwa juani kutwa nzima. Oili iliyofungiwa ndani ya hosi zake ikapata joto, ikatanuka, presha ikapanda, kizibo kikakaza. Jioni kijana akataka kuifunga, nusu zikakataa kuingiana. Akachukua pini ya ndoo na nyundo, akakigonga kizibo mpaka kikatoa oili. Ikaingia. Kazi ikaendelea. Lakini kizibo kilipinda, na tangu hapo hakikurudi nyuma sawasawa. Haya niliyapata kwa kijana mwenyewe, baada ya pampu mpya kufungwa, aliposema kwa sauti ya chini, "Fundi, kuna siku nilikigonga kidogo."

Koplingi ikikataa kwa presha, fanya hivi. Toa presha upande wa mashine kama nilivyoeleza mwanzo. Upande wa kifaa, vaa miwani, weka chombo chini, funika nati ya hosi inayoingia kwenye mota kwa tambara nene, na uilegeze robo mzunguko tu kwa spana, uso wako ukiwa pembeni. Oili kidogo itatoka, presha imekwisha, kaza. Kifaa kinachokusumbua hivyo kila siku kiwekee kivulini, au nunua koplingi za aina inayoweza kuunganishwa ikiwa na presha. Ni ghali, lakini zinajilipa.

Ukishaunganisha, zungusha pete ya kufungia mpaka ipite alama yake, kisha vuta hosi kwa nguvu. Halafu jaribio lenye faida kuliko yote ya hatua hii: tengeneza hosi fupi yenye koplingi ncha zote mbili, iingie kwenye koplingi mbili za mashine, oili itoke na kurudi bila kupita kwenye kifaa. Washa, fungua mtiririko. Injini ikinguruma kwa raha, koplingi na mabomba ya mashine yako wazi, kama kuna kizuizi kiko kwenye kifaa. Injini ikilemewa, kizuizi kiko upande wa mashine. Hosi hiyo haikuambii kama pampu ina nguvu, maana haiipi mzigo. Inakuambia tu kama njia iko wazi, na kwa kazi ya nusu saa kwa mkata hosi, hilo si haba.

Koplingi ya kurudishia oili ikiwa imefunga ni mbaya kuliko ya kupelekea. Mota inasukumwa mbele na nyuma kwa pamoja, na kitakachotoka kwanza ni sili ya shafti.

Hatua ya 6: Hosi

Hosi inaweza kufa ndani ikiwa nzima nje. Utando wa ndani unabanduka na kuwa kama mlango wa kuku: oili ikienda upande huu unalala, ikirudi unasimama na kuziba. Kifaa kinachozunguka vizuri mbele na kuzubaa kinyume, kishuku hosi kabla ya valvu.

Na tazama ukubwa. Hosi ikipasuka porini watu hufunga iliyopo. Ya nusu inchi ikibadilishwa kwa ya inchi tatu kwa nane, nafasi ya ndani inabaki zaidi kidogo ya nusu, na lita zilezile 70 zinalazimika kukimbia karibu mara mbili. Itafanya kazi. Itafanya kazi ikiwa ya moto.

Hatua ya 7: Umeme

Valvu ya kifaa hufunguliwa na koili ya umeme wa volti 12. Kifaa kikiwa kimekufa kabisa, anzia hapa, tena ni rahisi: mwenzako abonyeze swichi, ufunguo ukiwa umewashwa, wewe sogeza bisibisi kwenye nati ya koili. Ikivutwa, koili ina sumaku na umeme unafika. Isipovutwa, angalia fyuzi, halafu soketi, halafu waya. Pima volti waya zikiwa zimeunganishwa, siyo soketi ikiwa wazi, kwa sababu waya uliobakiza nyuzi mbili unaonyesha volti 12 nzuri kabisa hadi upewe kazi. Ukiona chini ya 10 kwenye koili, safisha muungano wa ethi. Panya wa mabandani wanapenda sana waya hizi.

Mashine nyingine hutoa mtiririko kwa kadiri kidole kinavyosukuma kitelezi kwenye joistiki. Kitelezi kikijaa vumbi, kinatoa nusu amri na unapata nusu oili. Nyingine zina mpangilio wa asilimia kwenye kioo, na kuna dereva aliyeupunguza mwezi uliopita akasahau. Na mashine isipotambua kwamba dereva amekaa na ameshusha chuma cha kifuani, haitoi oili kwa kifaa. Ukikuta swichi hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwa waya, irudishe. Iliwekwa baada ya watu kufa.

Hatua ya 8: Ile hosi nyembamba

Mota nyingi huvujisha oili kidogo ndani ya mwili wake, na kwenye kifaa chenye hosi ya tatu oili hiyo inatakiwa kurudi tangini kwa hosi hiyo bila kupingwa. Fundi asiyeijua anaiacha inaning'inia, kwa kuwa kifaa kinazunguka hata bila hiyo. Kinazunguka, oili inajaa mwilini, haina pa kwenda, inaisukuma sili ya shafti nje. Ukiona mota imebadilishwa sili mara mbili kwa msimu mmoja, usinunue ya tatu. Fuata hosi nyembamba hadi mwisho wake na uangalie koplingi yake.

Hosi hiyo pia inapima afya ya mota. Itoe upande wa tangi, ielekeze kwenye ndoo, ziba palipobaki wazi, kifaa kifanye kazi kwa mzigo dakika moja. Mimi mota inayomwaga hapo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mtiririko wote naiandikia barua ya kustaafu, isipokuwa kitabu chake kiseme vingine.

Kwa nyundo ya mawe kuna jambo la ziada: ikipiga kwa kulegea wakati oili inafika yote, inaweza kuwa gesi ya nitrojeni imepungua. Hiyo haijazwi kwa kompresa ya pancha. Hewa na oili chini ya presha vinaweza kulipuka.

Hatua ya 9: Kipimo cha mtiririko

Sasa ndiyo zamu ya pampu na valvu ya kupunguzia presha, tunayoiita rilifu. Unahitaji kifaa cha kupima chenye geji ya presha, mita ya lita, na valvu ya kubana taratibu. Si lazima kila fundi awe nacho. Mafundi watatu wanne wakichangia kinatosha mji.

Kiunganishe palipokuwa kifaa, valvu yake ikiwa wazi kabisa. Pasha oili moto hadi kama nyuzi 50, maana pampu mbovu huficha ubovu oili ikiwa baridi na nzito. Injini juu. Andika lita bila mzigo. Kisha bana taratibu, geji ifike bar 100, andika, 150, andika, 200, andika. Usizibe kabisa, na usikae kwenye presha ya juu zaidi ya sekunde chache.

Mfano wa pampu nzima: 72 bila mzigo, 70 kwa bar 100, 68 kwa 150, 65 kwa 200. Inapungua kwa adabu. Pampu iliyochoka inaanza kushuka mapema na kuendelea: 70, 55, 41, 27. Rilifu mbovu inasoma tofauti: 72, 70, halafu ikifika bar 140 hivi mita inaporomoka kwa mara moja na unasikia mluzi. Pampu huchoka kama mzee anayepanda mlima wa Ujiji Road na mzigo. Rilifu hufunguka kama mlango uliopigwa teke.

Rilifu ikionekana inafunguka mapema, ifungue uisafishe kwanza. Chembe moja ya mchanga chini ya kizibo chake inatosha. Kukaza skrubu yake bila geji ni kamari, na wanaoilipa ni hosi, sili, na anayesimama karibu.

Oili inayopita kwenye rilifu haipotei hivihivi. Lita 70 kwa bar 200, ukizidisha na kugawanya kwa 600, ni kilowati 23 zinazogeuka joto tupu, sawa na pasi 23 za umeme zimewashwa ndani ya tangi la oili. Ndiyo maana dereva anayelazimisha oga kwenye mwamba huku imekwama anachemsha mashine ndani ya dakika. Afundishwe kuinua, apumue, ashushe tena. Na mapezi ya rejeta ya oili yapulizwe kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, jioni, kabla vumbi halijashikana na mafuta.

Baada ya kufunga

Zungusha kifaa dakika kumi bila mzigo, huku na huku, hewa itoke. Pima oili tena. Pita na kipande cha boksi kutafuta kuvuja. Halafu andika kwa kalamu ya rangi upande wa ndani wa mlango wa injini: tarehe, joto la oili, lita bila mzigo, lita kwa bar 150, mizunguko ya oga kwa dakika. Fundi atakayekuja mwakani, pengine wewe mwenyewe, atakuwa na pa kulinganishia.

Mwisho kuna kofia za koplingi. Zinazokuja na mashine hupotea mwezi wa kwanza. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, ukikunje upande mmoja na kukifunga kwa mpira, kivishe koplingi kila kifaa kinapotolewa, na kabla ya kuunganisha ufute nyuso zote mbili kwa tambara safi. Dereva wa njia ya Kidahwe nilimkatia vipande vinne siku ileile, bosi wake akiwa bado chini ya mwembe.